Etcd kutoka msimbo chanzo: dalili, visababishi na tiba

Etcd ni hifadhidata ya ufunguo na thamani inayotunza data ileile kwenye seva kadhaa kwa wakati mmoja. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, huweka humo kila inachojua kuhusu klasta yake (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja), kwa hiyo etcd ikisimama, Kubernetes haiwezi kubadilisha chochote. Imeandikwa kwa lugha ya Go, na mambo yakienda sawa kuijenga ni amri chache tu:

```
git clone -b v3.5.21 https://github.com/etcd-io/etcd.git
cd etcd
./build.sh
```

Matokeo hukaa kwenye folda ya `bin`: `etcd`, `etcdctl` na `etcdutl`. Kuanzia 3.6 skripti inaitwa `./scripts/build.sh`.

Makosa yanayoripotiwa hujirudia sana, na mengi hayatoki kwenye msimbo wa etcd. Yanatokana na toleo la Go, jina la nodi (seva moja ndani ya klasta) lililokosewa, folda ya data iliyosalia kutoka jaribio la jana, au diski inayochelewa kuandika. Nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili kisababishi kinachotokea zaidi ndicho kinachotangulia.

Kabla ya kugusa chochote, hifadhi maandishi yote ya ujenzi:

```
./build.sh 2>&1 | tee ujenzi.log
```

Kisha soma faili hilo kutoka juu. Mstari wa mwisho husema tu kwamba ujenzi umeshindikana. Sababu yenyewe iko juu yake, wakati mwingine mbali sana, na wengi huhangaika kwa saa nyingi kwa kuutafuta ule wa mwisho mtandaoni.

Jambo jingine: usijenge kutoka tawi la `main`. Watunzaji wa mradi wenyewe wanaonya kwamba tawi hilo linaweza kuwa limeharibika wakati wowote. Chagua tagi ya toleo, kama `v3.5.21` hapo juu. Na ukiwa kwenye mfululizo wa 3.5, ruka 3.5.0, 3.5.1 na 3.5.2. Mwaka 2022 watunzaji walitangaza kwamba matoleo hayo yasitumike kwenye kazi halisi, kwa kuwa data za nodi moja zingeweza kutofautiana na za nyingine bila onyo lolote. Kasoro hiyo ilirekebishwa katika 3.5.3.

Dalili: ujenzi unakataa mara moja na kutaja go.mod

`go.mod` ni faili linalotaja toleo la Go ambalo msimbo unahitaji. Utaona mojawapo ya haya:

```
go: errors parsing go.mod: ... invalid go version '1.23.0': must match format 1.23
unknown directive: toolchain
go: go.mod requires go >= 1.23.0 (running go 1.21.6; GOTOOLCHAIN=local)
```

Namba zitatofautiana, lakini maana ni moja: Go uliyonayo ni ya zamani kuliko msimbo unavyotaka.

Kisababishi cha kwanza ni Go iliyosakinishwa kutoka hazina ya vifurushi ya Linux, ambayo mara nyingi iko nyuma. Cha pili ni kuwa na Go mbili: umeshaweka mpya, lakini terminali bado inaita ya zamani. Cha tatu ni `GOTOOLCHAIN=local`. Kuanzia toleo 1.21, Go ina uwezo wa kujipakulia toleo linalohitajika, na mpangilio huo unaizuia.

Angalia hivi:

```
go version
type -a go
go env GOTOOLCHAIN
grep -E '^(go|toolchain)' go.mod
```

`type -a go` ikitoa njia mbili, ya juu ndiyo inayotumika. Pakua Go kutoka go.dev, ifute ya zamani kwanza kwa `sudo rm -rf /usr/local/go`, ndipo ufungue mpya mahali pake. Usiifungue juu ya ile ya zamani, kwa sababu mafaili ya matoleo mawili yatachanganyika na utapata makosa ya ajabu ndani ya maktaba za Go zenyewe. Weka `/usr/local/go/bin` mwanzoni mwa `PATH`, funga terminali, fungua nyingine.

Usihariri `go.mod` kupunguza namba ya toleo ili ipite. Ujenzi unaweza kukubali, lakini utakuwa na programu ambayo hakuna aliyewahi kuijaribu, na hii ni hifadhidata.

Dalili: "error obtaining VCS status: exit status 128"

Mara nyingi ni umiliki wa folda. Folda ni ya mtumiaji mmoja, wewe unajenga kama mwingine, na Git inakataa kusoma hazina isiyo ya anayeiita. Jenga bila `sudo`. Haki za root zinahitajika tu wakati wa kunakili programu kwenda `/usr/local/bin`. Kama tayari baadhi ya mafaili yamegeuka kuwa ya root, yarudishe kwa `sudo chown -R $USER .` ukiwa ndani ya folda ya etcd.

Wanaojenga kwenye Windows kupitia WSL (Linux ndani ya Windows) hukutana na ndugu yake: `'bash\r': No such file or directory`. Git ya Windows imebadilisha miisho ya mistari. Clone upya ukiwa ndani ya Linux, kwenye folda ya nyumbani ya Linux, si kwenye `/mnt/c`.

Dalili: vifurushi havipakuliki

`i/o timeout` maana yake mashine haifiki `proxy.golang.org`, ambako Go huchukua vifurushi. Jaribu `curl -I https://proxy.golang.org`. Kama mtandao wenu unapita kwenye proksi, weka `HTTPS_PROXY` kwenye terminali ileile unayojengea. Kuiweka kwenye kivinjari hakusaidii.

`x509: certificate has expired or is not yet valid`: tazama saa ya mashine kwa `date` kabla ya kulaumu cheti. Mashine pepe iliyokuwa imelazwa huamka na tarehe ya zamani.

`x509: certificate signed by unknown authority` hutokea kwenye mitandao ya ofisi inayofungua na kukagua mawasiliano. Omba cheti cha mamlaka ya ndani kutoka kwa wasimamizi wa mtandao, ukiweke kwenye mfumo.

Ukiona `checksum mismatch` pamoja na `SECURITY ERROR`, futa akiba kwa `go clean -modcache` na ujaribu tena mara moja. Likirudi, simama. Usizime ukaguzi kwa `GONOSUMDB` wala `GOSUMDB=off`. Kifurushi ulichopokea si kile kilichosajiliwa, na mtu wa usalama wa mtandao anapaswa kujua ni kwa nini kabla hujaendelea.

Dalili: "signal: killed"

RAM imeisha na keneli imeua mchakato. Thibitisha kwa `dmesg | grep -i 'out of memory'`. Punguza kazi zinazokwenda sambamba kwa `GOFLAGS=-p=1 ./build.sh`, au ongeza swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM). Njia bora zaidi ni kujenga kwenye mashine yenye nguvu na kunakili programu tatu zilizopatikana. Seva ya kazi halisi haina haja ya kuwa na Go kabisa.

Ikiwa ujumbe ni `no space left on device` huku `df -h` ikionyesha nafasi tele, tazama `/tmp`. Mara nyingi iko kwenye RAM na ni ndogo. Elekeza `GOTMPDIR` kwenye folda ya diski ya kawaida.

Dalili: imejengeka, lakini haiwaki

`exec format error`: umejenga kwa aina moja ya prosesa na kunakili kwenye nyingine. Linganisha `file bin/etcd` na `uname -m` ya seva. Jenga tena kwa `GOARCH=arm64` au `GOARCH=amd64`, kama seva inavyotaka.

Ujumbe unaotaja `ETCD_UNSUPPORTED_ARCH` na prosesa ya `arm`: uko kwenye ARM ya biti 32. Unaweza kuweka kigezo hicho na itawaka, lakini kwa kujifunzia tu.

`code=exited, status=203/EXEC` kutoka systemd, inayowasha huduma kwenye Linux: njia kwenye `ExecStart` si sahihi, au faili halina ruhusa ya kutekelezwa. Vyote viwili vikiwa sawa na bado inagoma kwenye Fedora au ndugu zake, ni SELinux, mfumo wa ulinzi wa Linux. Faili lililohamishwa kwa `mv` kutoka folda ya nyumbani hubeba lebo yake ya zamani. `sudo restorecon -v /usr/local/bin/etcd` humaliza kazi. Usizime SELinux kwa ajili ya faili moja.

`conflicting environment variable "ETCD_NAME" is shadowed by corresponding command-line flag`: thamani ileile imewekwa kwenye mazingira na kwenye amri pia. Bakisha moja. Jua vilevile kwamba ukitumia `--config-file`, vigezo vyote vya amri na vya mazingira vinapuuzwa.

`bind: address already in use`: etcd nyingine imeshika poti 2379 au 2380. `sudo ss -ltnp | grep -E ':2379|:2380'` itakuonyesha ni nani. Kabla ya kuiua, hakikisha si ile ya Kubernetes inayofanya kazi kwenye mashine hiyohiyo.

Dalili: nodi zinawaka, klasta haiundwi

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na hapa ndipo inafaa kwenda polepole. Huu ni mfano wa nodi ya kwanza kati ya tatu:

```
etcd --name n1 --data-dir /var/lib/etcd \
  --listen-peer-urls http://10.0.0.11:2380 \
  --initial-advertise-peer-urls http://10.0.0.11:2380 \
  --listen-client-urls http://10.0.0.11:2379,http://127.0.0.1:2379 \
  --advertise-client-urls http://10.0.0.11:2379 \
  --initial-cluster n1=http://10.0.0.11:2380,n2=http://10.0.0.12:2380,n3=http://10.0.0.13:2380 \
  --initial-cluster-state new --initial-cluster-token majaribio-1
```

Ukiwasha nodi ya kwanza peke yake, itajaza logi kwa maombi ya kura na kulalamika kwamba haiwafikii wenzake. Hilo si kosa. Etcd hutumia Raft, utaratibu ambao nodi humchagua kiongozi kwa kura, nao haufanyi lolote bila akidi: nodi 2 kati ya 3, au 3 kati ya 5. Washa ya pili, kisha uulize:

```
etcdctl --endpoints=http://10.0.0.11:2379 endpoint health --cluster
etcdctl --endpoints=http://10.0.0.11:2379 member list -w table
```

Ikiwa nodi zote tatu ziko juu na bado hakuna kiongozi, pitia yafuatayo kwa mpangilio huu.

*Majina na anwani.* `couldn't find local name "default" in the initial cluster configuration` maana yake umesahau `--name`, kwa hiyo etcd imejiita `default`. Anwani ya `--initial-advertise-peer-urls` lazima ifanane na ile iliyo mbele ya jina hilo kwenye `--initial-cluster`, herufi kwa herufi, pamoja na `http` au `https`. `expected IP in URL for binding` maana yake umeweka jina la seva kwenye `--listen-...`, mahali panapotaka anwani ya IP.

*Faiwoli.* Poti 2379 ni ya wateja, 2380 ni ya nodi kwa nodi. Wengi hufungua ya kwanza tu. Kutoka kila nodi kwenda kila nodi, jaribu `nc -vz 10.0.0.12 2380`. Usiridhike na upande mmoja.

*Folda ya data ya zamani.* Hiki ndicho kisababishi kinachochosha watu kuliko vyote, kwa sababu kinafanya marekebisho sahihi yaonekane hayafanyi kazi. Vigezo vyote vinavyoanza na `--initial-` husomwa mara moja tu, folda ya data ikiwa tupu. Baada ya hapo etcd inajitambua kutokana na kilichomo ndani ya folda. Kwa hiyo unarekebisha anwani, unawasha tena, na kosa ni lilelile. Au unapata `cluster ID mismatch`, kwa kuwa nodi moja bado inakumbuka klasta ya jaribio lililopita. Kama klasta ni mpya kabisa na haina data ya mtu, simamisha nodi zote, ondoa folda ya data kwenye *zote*, badilisha `--initial-cluster-token`, anza upya.

Kuna sura nyingine ya tatizo hilohilo: hukuweka `--data-dir`, etcd ikaunda folda ya `n1.etcd` mahali ulipokuwa umesimama. Kesho unaiwasha ukiwa folda nyingine, na hifadhidata ni tupu. Data haijapotea. Itafute kwa `find / -name '*.etcd' -type d 2>/dev/null`.

*Mwanachama aliyefutiwa data.* `member ... has already been bootstrapped` hutokea ukifuta folda ya nodi moja kwenye klasta iliyo hai na kuiwasha tena kama mpya. Wenzake bado wanamkumbuka wa zamani, nao wanakataa. Mwondoe kwa `etcdctl member remove`, mwongeze kwa `etcdctl member add`, kisha umwashe na `--initial-cluster-state existing`. Ondoa kwanza, ongeza baadaye. Ukiongeza kabla ya kuondoa, klasta ya watu 3 inakuwa ya 4 inayodai akidi ya 3 huku walio hai ni 2, na mpya akishindwa kujiunga, umejifungia nje.

*TLS.* TLS husimba mawasiliano kwa kutumia vyeti. Jaribu kwanza bila TLS kwenye mtandao uliofungwa. Ikipita, matatizo yaliyobaki ni ya vyeti. `certificate is valid for ..., not ...` maana yake anwani ya nodi haimo kwenye orodha ya SAN (majina na anwani ambazo cheti kinazitambua). `relies on legacy Common Name field` maana yake cheti hakina SAN kabisa, na Go ya sasa haikikubali. Ukiona `bad certificate` kwenye poti 2380, kagua matumizi ya cheti kwa `openssl x509 -in n1.crt -noout -ext extendedKeyUsage`. Kwenye poti hiyo kila nodi ni seva na ni mteja pia, hivyo cheti kinahitaji ruhusa zote mbili.

*Toleo la nyuma.* Ulijaribu kwanza na `main`, sasa umejenga tagi ya chini na kutumia folda ileile. Etcd inakataa, na inasema toleo la seva liko chini ya toleo la klasta. Kwa jaribio, futa na uanze. Kwa klasta yenye data, rudisha programu ya toleo la juu. Kupanda nako hufanywa hatua moja moja: 3.4 kwenda 3.5, ndipo 3.6.

Dalili: klasta inafanya kazi, lakini kiongozi anabadilika ovyo

Kwenye logi: `failed to send out heartbeat on time` au `apply request took too long`. Kwa upande wa mteja: `etcdserver: request timed out`.

Diski ndiyo mshukiwa wa kwanza. Kila andiko lazima lifike kwenye diski kabla ya kukubaliwa. Kiongozi hutuma ishara kila milisekunde 100, na wasiomsikia kwa takriban milisekunde 1000 huitisha uchaguzi. Diski ikikwama sekunde moja, uongozi unaanguka. Tazama kipimo cha `etcd_disk_wal_fsync_duration_seconds` kwenye `http://10.0.0.11:2379/metrics`: asilimia 99 ya maandiko inapaswa kuwa chini ya milisekunde 10. Unaweza kupima diski kabla hata ya kusakinisha:

```
fio --rw=write --ioengine=sync --fdatasync=1 \
  --directory=/var/lib/etcd-jaribio --size=22m --bs=2300 --name=kipimo
```

Folda hiyo iunde kwanza, na usiielekeze kwenye folda ya data iliyo hai. Soma sehemu ya `fsync/fdatasync` kwenye matokeo. Diski ya kuzunguka na hifadhi ya mtandao hushindwa mara nyingi, SSD ya ndani hupita. Ukiona inapita ikiwa peke yake na kufeli etcd ikiwa kazini, kuna programu nyingine inayogombea diski hiyo. Ihamishe.

Mtandao wenye umbali ni mshukiwa wa pili. Nodi zikiwa kwenye miji tofauti, pima `ping` kati yao na upandishe `--heartbeat-interval` iwe karibu na muda huo, na `--election-timeout` isipungue mara 10 ya muda huo. Thamani ziwe sawa kwenye nodi zote. Sipendi kuona watu wakipandisha namba hizi kuficha diski mbovu, maana klasta itanyamaza tu huku ikizidi kuwa nzito.

Mwisho ni saa. Onyo la tofauti ya saa kati ya nodi hutatuliwa kwa kuwasha chrony, programu ya kusawazisha saa.

Dalili: "mvcc: database space exceeded"

Etcd imefika ukomo wa ukubwa, ambao bila kubadilishwa ni GB 2, na imeacha kupokea maandiko. Kuongeza diski hakusaidii. Chukua nakala kwanza, kisha:

```
etcdctl snapshot save /akiba/etcd.db
rev=$(etcdctl endpoint status -w json | grep -oE '"revision":[0-9]+' | grep -oE '[0-9]+')
etcdctl compact $rev
etcdctl defrag
etcdctl alarm disarm
```

`defrag` husimamisha nodi inapofanya kazi, hivyo ifanye kwa nodi moja baada ya nyingine, kiongozi awe wa mwisho. Bila `alarm disarm`, klasta itaendelea kukataa hata ikiwa na nafasi. Kisha weka `--auto-compaction-retention` ili historia isirundikane tena. Ukomo unaweza kupandishwa kwa `--quota-backend-bytes`, lakini GB 8 ndicho kiwango cha juu kinachopendekezwa.

Hapa simama, uite mtaalamu

Kama klasta ina data ambayo mtu anaitegemea, acha kujaribu ukiona lolote kati ya haya:

- `crc mismatch` wakati wa kuwaka;
- `tocommit(...) is out of range [lastIndex(...)]`;
- `panic` inayotaja `freepages` au kurasa za bbolt (hifadhi ya ndani ya etcd);
- akidi imepotea, yaani nodi 2 kati ya 3 haziwaki;
- thamani ya ufunguo mmoja inatofautiana kutoka nodi hadi nodi.

Usifute folda yoyote ya data, hata ya nodi iliyokufa. Usitumie `--force-new-cluster`: inamfanya mwanachama mmoja kuwa klasta nzima, na kama ndiye aliyekuwa nyuma, maandiko ya wengine hayarudi. Usiwashe na kuzima tena na tena ukitumaini itakaa sawa. Simamisha etcd kwenye kila nodi, nakili folda nzima ya data ya kila moja kwenda mashine nyingine, na uhifadhi logi tangu kosa la kwanza. Mkabidhi mtaalamu nakala hizo pamoja na matokeo ya `etcd --version` kwa kila nodi, tagi uliyojengea, toleo la Go, na mafaili ya mipangilio. Kama una nakala ya `snapshot save`, mwambie ni ya saa ngapi. `etcdutl snapshot restore` huunda klasta mpya yenye kitambulisho kipya, kwa hiyo yeye ndiye aamue kama ni wakati wake.